Mahindi yanataka moshi, si kufuli

Barua

Shikamoo mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kiroba cha mchele ndani ya stoo yangu, mlango nimeurudishia. Nyumba nzima, ni humu tu ambamo hakuna mtu wa kuniita. Jina langu naomba usilitaje. Niite Mama wa Makorora, maana akina mama wa Makorora tuko wengi.

Nina miaka 36, nina mume na watoto watatu. Mume wangu ni dereva wa fuso. Anapakia viazi na maharage Lushoto, mchele Korogwe, mahindi Handeni, anashusha hapa Tanga na mara nyingine anapitiliza hadi Dar es Salaam. Nyumbani tuko saba: mimi, yeye, watoto, mdogo wake wa kiume mwenye miaka 19, na mama yake ambaye sote tunamwita Bibi. Bibi ni Mbondei wa Muheza. Alikuja kukaa nasi mwaka 2021, baada ya mzee kufariki.

Habari ya kununua kwa jumla ilianza mwanzoni mwa mwaka 2024, sukari ilipoadimika. Siku hiyo nilizunguka kutoka Mgandini hadi Ngamiani, nikarudi na kilo moja kwa bei ambayo sitaki kuikumbuka. Usiku nikamwambia mume wangu, wewe unapita kila mahali chakula kinakotoka, kwa nini sisi tununue kwa kilo kama wageni? Akakubali. Chumba cha mwisho cha nyumba, kinachopakana na cha watoto, tulikuwa tunawekea baiskeli na mabati. Tukakisafisha, kikawa stoo.

Mshauri, sijui kama utanielewa nikikwambia kwamba ile stoo ndiyo inayonipa usingizi. Mimi nimekulia nyumba ya kupimiwa. Mama yangu alinunua mafuta ya kupima, majani ya chai ya kufungiwa kwenye karatasi, mchele kibaba kimoja. Kila ikifika saa kumi na moja jioni natumwa dukani na sarafu mkononi. Siku ambayo sarafu hakuna, natumwa kwa jirani na bakuli. Bakuli lenyewe lilikuwa la bati, lina ua jekundu chini, na nilikuwa nalificha ndani ya kanga ili wenzangu wasijue naenda wapi. Niliapa watoto wangu hawatalishika bakuli hilo.

Basi nikajipanga. Gunia la mahindi kutoka Handeni, mchele kilo 100, maharage debe mbili, sukari, mafuta ndoo ya lita 20, chumvi, sabuni, dagaa. Nina daftari, kila kinachoingia nakiandika na tarehe. Mwezi Oktoba niliweka mchele kilo 100, nikapiga hesabu utanifikisha miezi mitatu. Wali tunapika karibu kila usiku. Mchele ukaisha siku ya 66.

Nilijua unakokwenda. Bibi hawezi kumwona mtu akapita barazani mikono mitupu. Nimemwona kwa macho yangu, mara tatu kwa wiki hivi, anamjazia mama mmoja jirani bakuli la mchele, au mjukuu wa fulani anakuja anaondoka na kitu kwenye mfuko. Sikatai kutoa. Lakini yeye hanunui, hajui gunia linapatikanaje, na mlango wa stoo akishaingia anauacha wazi, panya na wadudu wanaingia wanavyotaka. Nikasema naye kwa upole mara mbili. Mara ya tatu sikusema, nilinunua kufuli.

Alikuja kuligundua mbele ya yule jirani. Alishika mlango, akasukuma, akalitazama lile kufuli, akarudi barazani. Jioni nikiwa napika akaniambia maneno haya na si mengine: "Mwanangu, mahindi yanataka moshi, si kufuli." Wewe ni mtu wa pwani, unajua hilo ni fumbo. Nimeligeuza usiku kucha. Moshi ndiyo nini? Nyumba iungue? Tangu siku hiyo hali chakula changu. Ananunua mchele wake kibaba kimoja kwa fedha anayotumiwa na binti yake, anapika peke yake kwenye kisufuria uani. Ijumaa iliyopita alivaa kanga mpya akakaa nayo barazani asubuhi nzima. Nimeyasoma yale maandishi mara tatu.

Shemeji akampigia simu kaka yake. Mume wangu akaniambia, "Mpe Mama ufunguo, yaishe." Kwa hiyo nikaona bora nikague stoo kabla ya kutoa ufunguo, nijue ninachokabidhi. Mshauri, gunia la mahindi lililoingia Agosti nimelifungua Januari, nikaingiza mkono, ukatoka na unga. Punje zimebaki maganda. Vijidudu vidogo vyeusi vimejaa mpaka gunia linatoa mlio ukilisikiliza. Maharage ya mwaka jana nayo yamekuwa hayaivi, nachoma mkaa wa kopo zima yakiwa bado mawe. Haya yote mume wangu hajui. Nimefunga kufuli tena. Ndani ya stoo hiyo mna hata kapu la makopa ya Bibi, vipande vya muhogo mkavu alivyokuja navyo kutoka Muheza, sijapata namna ya kumpa bila kufungua mazungumzo.

Kijana mmoja wa duka la pembejeo amenipa kikopo cha vidonge, anasema viwili tu kwenye gunia na hakuna mdudu atakayebaki. Sijakifungua, kipo juu ya kabati chumbani. Yale mahindi mabovu kuna mtu wa kuku anayataka.

Nikitoa ufunguo, stoo itakwisha na nitarudi kwenye bakuli. Nikiukatalia, nitakuwa mke aliyemfungia mama mkwe chakula, na Tanga hii habari haichukui siku mbili. Nifanye nini?

Mama wa Makorora


Jibu

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya Bibi, kabla ya ufunguo: kile kikopo kilicho juu ya kabati. Usikifungue. Vidonge vya namna hiyo vikipata unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha, hutoa gesi ya fosfini. Hiyo ndiyo inayoua wadudu, na inaua watu vilevile, wala hospitali hawana dawa ya kuitangua. Vimetengenezwa kwa maghala yanayofungwa na watu waliofunzwa kazi hiyo. Stoo yako imepakana na chumba cha watoto, na nyumba zetu nyingi ukuta unaishia chini ya kenchi, juu hakuna dari, hewa inapita chumba hadi chumba. Familia zimewahi kulala na zisiamke kwa sababu ya vidonge kama hivyo. Kitoe ndani ya nyumba leo, kikiwa kimefungwa kilivyo, mbali na watoto, ukirudishe dukani au umpelekee afisa ugani wa kata. Usikitupe chooni wala usikimwagie maji. Ukimaliza, urudi tuendelee kusoma.

Haya. Sasa nimekaa vizuri.

Nikiielewa barua yako, unaniuliza kuhusu ufunguo mmoja, lakini naona mambo matatu yamefungwa kwa kufuli hilo hilo. Kuna chakula kinachopungua na wewe unajua nani anakipunguza. Kuna mama mkwe aliyenyamaza. Na kuna gunia lililooza ambalo hujamwambia mwenye kulileta. Umeyafunga pamoja kiasi kwamba ukijibu moja unaona umejibu yote. Mimi ningependa tuyatenganishe kidogo, na niruhusu nianze na lile unaloliamini kuliko yote, la mchele.

Umefanya vizuri kuandika daftari. Watu wengi wananiandikia "unaisha haraka" bila tarehe. Wewe umenipa siku 66, basi tuitumie. Kilo 100 kwa siku 66 ni kama kilo moja na nusu kwa siku. Muko saba. Ukigawa ni gramu 216 kwa kila mtu, haijafika hata robo kilo, na umesema wali ni karibu kila usiku. Tuseme Bibi ametoa kama ulivyoona, bakuli la nusu kilo mara tatu kwa wiki. Kwa siku hizo zote ni kama kilo 14. Toa hizo 14, zinabaki 86, kila mtu anapata gramu 186. Mwanangu, hapo mnakula kwa adabu sana. Sioni mwizi katika hesabu hii. Ile hesabu yako ya miezi mitatu ilimpa kila mtu gramu 160 na kasoro, na nyumbani kwako kuna kijana wa miaka 19. Uliwahi kumtazama kijana wa miaka 19 akila wali wa nazi?

Sisemi kwamba kilo 14 si kitu. Ni fedha ya mumeo, ni usiku wake barabarani kule kwenye kona za Lushoto. Nasema tu kwamba mchele ule ungeisha mapema hata kama Bibi angekaa Muheza. Labda kilichokosewa ni makadirio. Unaweza kulijua hilo kwa wiki mbili: kabla ya kupika, pima kwa kikombe kile kile kila siku, andika. Usimwambie mtu. Uone nyumba yako inakula kiasi gani hasa, kisha ndipo ujue ununue kiasi gani.

Nije kwenye fumbo, maana nimecheka, nisamehe, nikacheka peke yangu mpaka mjukuu akaniuliza kuna nini.

Sisi wa pwani tumelelewa na mafumbo. Tunasoma kanga, tunasoma namna mtu alivyoweka kikombe mezani. Sasa fikiria Bibi wako ni mtu wa wapi. Mbondei wa Muheza, mkulima. Katika nyumba aliyokulia, mahindi yalikaa darini juu ya mafiga, na moshi wa kuni uliyapitia asubuhi na jioni. Ule moshi uliyakausha na kuwafukuza fukusi. Hakukuwa na dawa nyingine, labda majivu na majani ya mwarobaini. Mtu huyu ameingia stoo yako mara nyingi kuliko unavyopenda. Amekaa karibu na gunia lile. Ana masikio. Umesema mwenyewe kwamba lilikuwa linatoa mlio.

Itakuwaje kama hakufumba? Itakuwaje kama mama mzee alikuwa anakwambia, kwa lugha iliyonyooka kabisa, kwamba mahindi yako yanaliwa na wadudu na kufuli halizuii wadudu?

Sijui. Simjui Bibi wako, na huenda alikuwa anasema yote mawili kwa pamoja, wazee wetu wanaweza. Lakini umeligeuza neno lake usiku kucha ukitafuta kisu ndani yake, na sijaona mahali ulipojaribu kulichukua kama lilivyo. Jaribu. Uone linabadilisha nini.

Na tukiwa hapo hapo kwenye gunia: umeandika kwamba wadudu waliingia kwa kuwa Bibi huacha mlango wazi. Mara nyingi sivyo wanavyoingia. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu. Ukiitazama punje hiyo sokoni unaiona nzima, safi. Unaibeba mwenyewe hadi nyumbani. Kwa joto letu, kama mwezi mmoja tu baadaye mtoto ametoka na yeye anataga. Hesabu kuanzia Agosti hadi Januari ni vizazi vingapi. Lakini unga ule unaoueleza, na maganda matupu, unanifanya nimfikirie dumuzi zaidi kuliko fukusi. Huyu ni mgeni nchini kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wakamwita Scania, kama lile lori. Wewe mke wa dereva utaipenda hiyo, siku nyingine, si leo. Ninachotaka kusema ni kwamba hata Bibi hajui yote hapa: moshi wa enzi za mama yake ulimtosha fukusi, ila dumuzi amewashinda wengi waliotegemea moshi na majivu peke yake.

Chumba chenyewe kimemsaidia mdudu. Bati juu, mchana kunawaka, usiku kunapoa, na unyevu wa bahari upo saa zote. Gunia likikaa juu ya saruji linavuta maji kutoka chini, likiegemea ukuta linavuta kutoka ubavuni. Mafundi wa ghala huweka chaga za mbao na kuacha nafasi shubiri mbili kutoka ukutani. Tena mahindi yenyewe yalikuwa makavu? Mumeo aliyapakia shambani au yalianikwa kwanza? Kuna jaribio la zamani lisilogharimu kitu: chukua chupa kavu ya glasi, tia mahindi robo yake na chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, tikisa dakika nzima, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, hayafai kufungiwa. Ikianguka yote chini, yako tayari.

Kuhusu mtu wa kuku. Kama mahindi yametobolewa tu na ni makavu, kuku watakula na wadudu wenyewe watawala. Lakini kama yana ukungu, rangi ya kijani au nyeusi nyeusi, au harufu ya uvundo, usimpe, hata akikubembeleza. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu. Haitoki kwa kuosha wala kwa kupika, na kuku nao inawadhuru. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa nafaka yenye sumu hiyo. Gunia moja halina thamani hiyo. Lifukie.

Maharage nayo hayana ubishi mkubwa. Yakikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu hata yakikosa mdudu mmoja. Ulichookoa kwa kununua debe mbili umekichoma kwenye mkaa. Kama mumeo anapita Lushoto kila mwezi, Lushoto ndiyo stoo yako ya maharage, na baridi ya kule inayatunza kuliko bati la Makorora. Hapo ndipo ningekuuliza kwa upole kwa nini kila kitu kinunuliwe kingi. Sukari na chumvi, sawa, vikifungwa visipate unyevu. Sabuni, sawa. Mchele, mwezi mmoja na nusu hadi miwili, ndani ya ndoo zenye mifuniko inayobana, tarehe imeandikwa juu, na mpya usimiminwe juu ya wa zamani. Dagaa na karanga kidogo kidogo. Unga wa dona usiuweke kabisa, una mafuta ya kiini, unachacha upesi. Mahindi ya kukaa miezi, ipo mifuko ya tabaka tatu, PICS, inauzwa maduka ya pembejeo. Unatia mahindi makavu, unakamua hewa, unafunga kila tabaka peke yake, wadudu waliomo wanakosa hewa wanakufa. Ila ukiwa unaufungua kila siku kuchota bakuli, umetupa fedha. Huo ni wa kufungwa ukasahauliwa.

Nimesema mengi ya nafaka kwa sababu kuna jambo nataka ulione likiwa limekaa wazi mbele yako. Bibi akitoa bakuli zake tatu kila wiki, mwaka mzima, ni kama kilo 78. Gunia lililoliwa lilikuwa na kilo ngapi? Nalo lilikuwa nyuma ya kufuli. Sikuambii hili ili uumie. Umeshaumia, ndiyo maana umekaa humo stoo mlango umeurudishia. Nakuambia kwa kuwa umekuwa ukimlinda mtoto yule mwenye bakuli la ua jekundu, ukamwekea mlinzi mlango ambao adui hakuupitia.

Nalo bakuli hilo, nimelisoma mara mbili. Mama yako alipokutuma kwa jirani, upande wa pili wa mlango kulikuwa na mtu aliyelijaza. Hukuniandikia habari zake. Alikuwa nani? Alikufanyia uso gani? Sitaki nikutie maneno mdomoni, huenda alikuwa mtu wa masimango na ndiyo sababu hutaki kumkumbuka. Lakini sasa hivi uani kwako kuna mwanamke mzee anayenunua mchele kibaba kimoja na kuupika peke yake, na ndani ya nyumba kuna stoo. Ulipoiandika sentensi hiyo, uliisikia?

Basi, ufunguo.

Unaweza kumpa, kama mumeo alivyosema. Ni njia fupi na itatuliza nyumba wiki hii. Hofu yangu ni kwamba utautoa huku umeuma meno, kisha utaanza kuhesabu kwa macho, na Bibi atayaona macho hayo kila aingiapo. Pia ufunguo uliotolewa kwa amri ya simu kutoka barabarani unamfanya mumeo hakimu, na hakimu akishaitwa mara moja ataitwa kila siku.

Unaweza kubaki nao. Sitakuona mtu mbaya, nyumba nyingi zina stoo yenye kufuli na hakuna aliyekufa. Lakini kufuli lililowekwa tangu mwanzo si sawa na kufuli lililogunduliwa mbele ya jirani. Hili lako tayari limeshasema neno, na likiendelea kuwapo litaendelea kulisema hata ukiwa umelala.

Wapo waliogawa mambo. Jikoni kuna ndoo za wiki, wazi kwa kila mtu, na stoo inafunguliwa siku moja, tuseme Jumamosi, mkaza mwana na mama mkwe wanaingia pamoja, mmoja anachota, mwingine anakagua magunia. Naipenda njia hii kwa sababu inampa Bibi kazi anayoijua kuliko wewe: kunusa, kusikiliza, kuanika, kupepeta. Inataka uvumilivu, lakini. Atakwambia umepanga vibaya. Atahamisha ndoo zako. Daftari lako ataliita la kikarani. Na kama hamjazungumza kwanza, Jumamosi ya kwanza mtachota kimya kimya kama watu wa msibani.

Wengine huweka ndoo ya kutoa, iwe mkononi mwa mzee, agawe apendavyo, ikiisha imeisha hadi mwezi mwingine. Hesabu inatulia kabisa. Ila fikiri mara mbili utakavyolisema. Mtu aliyelisha nyumba yake miaka 40 ukimpimia ndoo, anaweza kuona amefanywa mtoto. Lingekuwa tofauti kama kiasi angekitaja yeye. Ungemuuliza, "Mama, kwa mwezi tutoe ngapi?" Huenda akataja kidogo kuliko unavyohofia. Huenda akataja pishi nyingi ukashtuka. Hata hivyo utakuwa umeuliza, na sidhani kama ameulizwa kitu katika nyumba hiyo tangu afike.

La mumeo nakuachia wewe, unamjua hasira zake na uchovu wake. Fikiri tu kwamba gunia lililooza halifichiki muda mrefu kwa mtu anayeleta magunia. Atakuja Aprili na shehena nyingine, aingie apange, masika yenyewe yakiwa yameanza, na wadudu waliobaki kwenye nyufa watahamia humo humo. Akilisikia kwako pamoja na "nimejua kosa liko wapi" ni habari moja. Akiligundua mwenyewe baada ya kuambiwa kuwa mama yake ndiye anayemaliza chakula, hiyo ni habari nyingine.

Pa kuanzia, mimi ningeanzia kwenye kapu la makopa. Ni mali yake, umelifungia bila kukusudia, na dumuzi anapenda muhogo mkavu sawasawa na mahindi. Litoe leo, ulitie juani uani, mbele ya macho yake. Kama makopa yametobolewa, atayaona na wewe utayaona, na hapo mazungumzo yatakuwa yameanza na wadudu badala ya kuanza na kufuli. Kama yamepona, mtoto wako mmoja lazima hajawahi kula bada la Bibi yake, ule ugali wa muhogo, likiwa la moto, na hilo ni jambo la kuombwa, haliudhi. Ukimkabili, usiende na ufunguo mkononi, wala daftari. Na usimuulize maana ya yale maneno. Mwonyeshe mahindi, umuulize moshi ulikuwa unafanyaje kazi.

Utaniandikia tena? Nataka kujua wiki mbili za kikombe zimesema nini. Na ile kanga ya Ijumaa, umesema umeisoma mara tatu lakini hukuniambia imeandikwa nini. Umeniacha njiani, mwanangu.